Kiboksi cha Bluu

"Severina, hivi ni kweli ulimwachia pujari, kuhani wa Kihindu, aipake unga wake mashine ya mtoto?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Apolina, jioni moja ya mwezi wa kumi, tukitoka kusali rozari kwa akina Monteiro. Mwezi huo mtaani kwetu, hapa Mangalore, pwani ya India, rozari inazunguka nyumba kwa nyumba. Mkimaliza kusali mnapewa chai, na mkimaliza chai mnapeana maneno. Apolina alikuwa bado na kipande cha keki mkononi.

"Mashine si yangu," nikamwambia. "Ni ya ofisi, na ofisi ni ya Wahindu. Wametaka kuibariki mashine yao, mimi ni nani niwakatalie?"

"Mimi sisemi kitu," akasema. Mtu akianza hivyo ujue anasema. "Ila nasikia tangu irudi, mtoto anaboronga kazi. Mungu wetu ana wivu, shoga. Imeandikwa."

"Imeandikwa pia usimshuhudie jirani yako uongo."

"Uongo gani? Dereva wao mwenyewe kamwambia mke wa mwoka mikate. Eti barua zinakwenda kusikotakiwa."

Akakitia kile kipande cha keki mdomoni, akafuta vidole kwenye sari, akaingia kwake. Mimi nikabaki njiani na rozari yangu mkononi. La unga sikulitia moyoni, maana Padri alikwisha kuniambia Mungu hatishwi na unga wa manjano. Lakini la barua lilikuwa kweli, na sikujua kama limefika hadi kwa mwoka mikate.

Lidvina ni mwanangu wa pekee. Baba yake alifariki yeye akiwa shule ya msingi, na ugonjwa ukamwanza miaka michache baadaye. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ulianza miguuni, anatembea kwa kushika ukuta, kisha ukaja mikononi. Mikono inatetemeka. Ukimpa kikombe cha chai usikijaze. Akili yake haijaguswa na chochote, na ulimi wake ndiyo kabisa.

Alisoma biashara hadi chuo, kisha akakaa nyumbani muda mrefu bila kazi, akijulikana mtaani kama "yule mgonjwa wa Severina". Ndipo akaajiriwa na ofisi moja ya wauza korosho nje, kwa majaribio kwanza. Kazi yake ni kujibu barua pepe za wanunuzi. Wakamletea kompyuta nyumbani, wakaiweka mezani pale dirishani. Siku ya kwanza postamani aliposimama mlangoni na kusema, "Nina bahasha ya Bi Lidvina Lobo, wa ofisi ya korosho," nilimwona mwanangu akijinyoosha kitini. Basi hapo nikajua kazi hii si ya mshahara tu.

Kipanya hakiwezi. Akikishika, mshale unaruka skrini nzima kama panzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Kwa hiyo anatumia kibodi peke yake. Juu ya kibodi kuna bamba la plastiki lenye matundu, ili kidole kinachotetemeka kiingie kwenye tundu moja na kisiguse vitufe vya jirani. Anabonyeza Tab, anabonyeza mishale, anabonyeza Enter. Anafungua barua, anajibu, anaambatisha karatasi, anatuma, anahifadhi, na mkono wake haujaondoka pale.

Sasa, mwenye kipanya anauona mshale, anajua yuko wapi. Lidvina anaambiwa yuko wapi na kiboksi. Kila akibonyeza Tab, kiboksi chembamba cha bluu kinajichora kuzunguka kitu kimoja: sasa kimezunguka "Jibu", ukibonyeza tena kimezunguka "Jibu Wote", ukibonyeza tena kimezunguka "Futa". Pale kilipo kiboksi ndipo Enter itakapofanya kazi. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, na ya kompyuta siyajui, lakini hilo nilikuwa nalijua, kwa sababu nilikaa naye chumba kimoja mwaka mzima. Mimi kwenye kiti changu karibu na mlango nachambua mchele, yeye pale dirishani, na kiboksi kinaruka. Nilikuwa nakitazama jinsi mtu anavyomtazama kuku wa jirani uani, bila kujua kuwa anamtazama.

Basi ikafika sikukuu yao ya kuabudu vyombo vya kazi. Siku hiyo, wenzetu Wahindu hawashiki kazi. Lori linavishwa shada, cherehani inavishwa shada, fundi seremala anaipaka randa yake msandali na alama nyekundu ya kunkuma, na kompyuta nazo ni vyombo vya kazi. Meneja wao, Bwana Damodar Baliga, akatuma gari lichukue na mashine ya Lidvina, maana bosi hakutaka hata moja ibaki nje ya baraka. Ikarudi na maua ya manjano shingoni, doa jekundu juu ya skrini, na pakiti ya bisi za mchele na peremende. Nikaondoa maua yaliyonyauka, nikafuta unga kwa kitambaa kikavu, nikairudisha juu yake picha yangu ya Mtoto Yesu. Bisi tulikula.

Ilipowashwa, ile programu ya barua pepe ilikuwa imebadilika rangi. Zamani ilikuwa nyeupe na kijivu. Sasa ilikuwa ya manjano, manjano iliyokolea, tangu juu hadi chini.

"Wameipamba kweli," nikasema.

"Ofisi nzima iko hivi," akajibu Lidvina, na akainama kufanya kazi.

Makosa yakaanza siku hiyohiyo. Barua ya mnunuzi mmoja wa Dubai ikaingia kwenye pipa la takataka badala ya folda yake. Akaitafuta, akaipata, akacheka. Kesho yake hakucheka. Alikuwa anamwandikia Mholanzi mmoja juu ya meli iliyochelewa, akataka kuhifadhi barua akale kwanza, kumbe kaituma. Ilikwenda imeandikwa hivi tu: "Bwana Mpendwa, tunasikitika kukufahamisha kwamba". Mholanzi akapiga simu ofisini kwa hofu, akiuliza kama ghala limeungua au bosi amefariki.

Hilo nalo lilipita, kwa maneno makali kidogo. La tatu ndilo lililouma. Kulikuwa na barua ya bei, bei ya siri ya mteja mmoja wa zamani. Lidvina alikusudia kumjibu huyo mmoja. Ilikwenda kwa wote. Wateja wote wakaona kuwa mwenzao anauziwa kwa bei nafuu kuliko wao.

Bwana Baliga akapiga simu. Lidvina aliiweka kwenye spika kwa sababu kuishikilia ni tabu, kwa hiyo nami nilisikia.

"Lidvina, sisi tunakuthamini sana," alisema, na mimi nikaacha kuchambua mchele. "Ila naona mikono imezidi. Si kosa lako. Jumamosi nitakuja mwenyewe na dereva tuchukue mashine. Upumzike kwanza."

"Mikono yangu iko vilevile, bwana. Niliuliza wiki iliyopita. Nilisema kile kiboksi sikioni."

"Niliwauliza wenzako. Wote wana programu hiyohiyo, na wote wanasema kila kitu kiko sawa. Hakuna anayejua hicho kiboksi."

"Ndiyo, bwana."

"Basi tuonane Jumamosi. Msalimie mama."

Simu ikakatika. Lidvina akakaa akiitazama skrini. Nami nikamtazama yeye. Ninamjua mwanangu: akishindwa hubishana, akidhulumiwa hupiga kelele hadi Apolina achungulie dirishani. Siku hiyo hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema "Ndiyo, bwana" kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulijua. Hilo ndilo lililonitisha. Nikajisemea, huyu ana neno ananificha.

Nami nilikuwa na langu nililomficha. Jicho langu la kushoto lilishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la kulia lilikuwa linasubiri. Na siku hizo, tangu mashine irudi, nikawa nikikaa kwenye kiti changu nikitazama dirishani, kile kiboksi sikioni. Nilisikia kitufe kinabonyezwa, tak, tak, tak, na hakuna kinachoruka. Nikasema, basi, na lile jicho lililotengenezwa nalo limeanza kurudi nyuma. Sikumwambia. Mtu anayepoteza kazi haongezewi mzigo wa macho ya mama yake.

Ijumaa jioni nilikuwa jikoni natengeneza samaki, vibua. Lidvina alikuja akishika ukuta, akakaa kwenye kigoda cha mlangoni kunitazama, jambo analolifanya akitaka kusema kitu na hajui aanzie wapi. Kisu kikaniteleza, nikajikata kidogo kidoleni.

"Mama, vipi?"

"Si kitu. Macho tu. Jumatatu nitakwenda hospitali wanitazame tena."

"Macho yamefanyaje? Si ulisema unaona hadi bei za samaki ng'ambo ya soko?"

"Bei naziona. Vitu vyembamba ndivyo vimenikataa." Nikanyonya kidole. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuficha, nikasema tu: "Hata kile kiboksi chako cha bluu sikioni tena. Tangu sikukuu yao. Nakaa palepale, natazama palepale, hola."

  Nilipoinua uso, Lidvina alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili, na mikono inatetemeka kuliko kawaida, na kichwa nacho.

"Lidu? Lidu, mwanangu, nini?"

"Mama, sema tena."

"Niseme nini?"

"Hicho ulichosema. Kiboksi."

"Sikioni. Basi, mtu mzima hazeeki?"

"Mama!" Akapiga ukuta kwa kiganja. "Mimi nami sikioni!"

Nikabaki na kibua mkononi.

Ndipo akaniambia. Mwaka juzi, daktari wa mishipa alimwambia akiwa peke yake kuwa ugonjwa huu kwa wengine huanzia miguuni, ukaja mikononi, kisha ukaenda machoni. Akamwambia awe anaangalia: vitu vyembamba, rangi rangi, ndivyo hupotea kwanza. Hakutaka nijue. Kwa hiyo kiboksi kilipotoweka, na wenzake wote wakasema kila kitu kiko sawa, akasema moyoni, basi, imefika. Usiku alikuwa halali. Alikuwa anafumba jicho moja, anaitazama taa ya barabarani, anafumba la pili. Maandishi aliyaona vizuri, lakini alijiambia maandishi yatafuata.

"Na kwa nini hukuniambia, mjinga wewe?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Mimi ni mama."

"Haya, hilo nalo jibu." Sasa alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, hajui afanye lipi. "Mama, macho ya watu wawili yanaharibika siku moja? Kwa kitu kimoja? Kiboksi kimoja?"

"Kwa unga wa pujari labda," nikasema. "Muulize Apolina."

Tukacheka hadi paka akakimbia. Kisha nikakaa chini palepale kwenye sakafu ya jikoni, na magamba ya samaki yamenijaa mikononi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kazi yake bado ilikuwa ya kuchukuliwa kesho asubuhi, hilo nilijua. Lakini mtu akikuambia nyumba inaungua kisha ukaona ni jiko la jirani linalofuka, hukumbuki mara moja kuwa paa lako linavuja.

Yeye alikumbuka. Akajivuta hadi kwenye simu, akampigia Naushad.

Naushad ni fundi wa kompyuta wa ile ofisi, Mwislamu wa bandarini, mtu wa makamo, mpole, ana tumbo na anacheka nalo. Yeye ndiye aliyelitafuta lile bamba la matundu na kulifunga, mwaka uliopita.

"Dada Lidu! Nimesikia habari. Nimehuzunika, wallahi."

"Usihuzunike, kaka. Uko ofisini?"

"Nafunga niondoke."

"Usifunge. Ifungue programu ya barua. Sasa weka kipanya pembeni. Pembeni kabisa, kigeuze tumbo juu."

"Haya, nimekigeuza kama kobe."

"Bonyeza Tab. Tena. Tena. Tena. Sasa niambie, uko wapi?"

 Nikasikia kitufe upande wa pili, tak, tak.

"Mbona... ngoja." Tak, tak, tak. "Ngoja kwanza."

"Uko wapi, kaka Naushad?"

"Ya Allah," akasema Naushad. "Sijui niko wapi."

"Bonyeza Enter basi."

"Sithubutu!"

"Mimi nimethubutu wiki mbili nzima," akasema mwanangu, na kwa mara ya kwanza siku hizo nikausikia ulimi wake wa kawaida.

Naushad alifika asubuhi na mapema, kabla sijarudi kutoka kanisani. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine, na Lidvina pembeni yake anamsimanga. Nikawawekea chai.

"Mama, mwenye kosa ni mimi," akasema. "Nipige."

"Kunywa chai kwanza, nitakupiga baadaye. Ilikuwaje?"

Akaeleza. Bosi wao ana mama yake mzee, anayeheshimiwa pale ofisini kuliko bosi mwenyewe. Siku ya sikukuu bibi yule alitaka kila skrini ipakwe manjano mabichi yaliyosagwa, kama anavyopaka mashine ya kukoboa korosho, kwa kiganja kizima. Naushad akaona skrini zinakwenda kufa. Akamwambia, "Amma, ya nje itafutika kesho. Mimi nitakupakia ya ndani, isiyofutika." Bibi akafurahi. Naushad akaingia kwenye programu ya barua, kwenye mashine zote, akaziweka rangi ya manjano: juu manjano, pembeni manjano, vitufe manjano. Na palipokuwa pameandikwa rangi ya mstari, akaweka manjano hiyohiyo.

"Sikujua mstari ndio upi," akasema. "Mimi nina kipanya, sijawahi kuuangalia. Nikaona neno, nikaweka rangi. Kiboksi kipo, mama. Hakijaondoka hata siku moja. Ni manjano juu ya manjano."

"Kama jongoo mweusi kwenye makaa," nikasema.

"Ndivyo."

"Basi kirudishe bluu," akasema Lidvina. "Na hii rangi ya pilau iondoe, rudisha nyeupe yangu."

Naushad akakuna shingo. "Manjano siwezi kuiondoa. Bibi anapita ofisini, anazitazama mashine moja moja. Na ya kwako atamuuliza Baliga. Nikiiondoa, nitaonekana nimefuta baraka yake. Na mimi tena, Mwislamu! Unataka niuawe?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tutafikiri."

Akafikiri huku anakunywa chai. Mimi nikawa natazama saa, maana Baliga alisema atakuja kabla ya adhuhuri. Naushad akajaribu bluu ya zamani. Kwenye manjano ilitoa uchafu wa kijani, na ilikuwa nyembamba, Lidvina akasema inaonekana kama uzi wa buibui. Akajaribu nyeusi, ikagongana na maandishi. Kisha akasimamisha mkono, akatabasamu peke yake.

"Juu ya manjano, Wahindu wanaweka nini?"

"Kunkuma," nikasema. Nani asiyejua?

"Nyekundu. Nyekundu ya kunkuma juu ya manjano. Nani atakataa hiyo? Bibi atanibusu." Akabonyeza, akaongeza unene wa mstari, akabonyeza tena. "Haya, dada. Tembea."

Lidvina akaingiza kidole kwenye tundu la Tab.

Kikatokea. Chekundu, kinene, kimelizunguka neno "Jibu" kama alama kwenye paji la uso. Tak, kikahamia "Jibu Wote". Tak, "Futa". Mimi nilikuwa nimerudi kwenye kiti changu karibu na mlango, na nilikiona hadi kwenye kona zake. Kwa jicho la kushoto na kwa la kulia pia. Lidvina akawa anakitembeza tu, juu, chini, pembeni, bila kazi yoyote, kama mtoto aliyerudishiwa baiskeli.

Gari likasimama nje.

Bwana Baliga aliingia na boksi kubwa la karatasi ngumu, lile la kubebea mashine. Akavua viatu mlangoni, akanisalimu kwa viganja viwili, akamwona Naushad na uso wake ukabadilika.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Natengeneza nilichoharibu, bwana."

"Nani kakutuma?"

"Mimi nimemwita," akasema Lidvina. "Kaa, bwana Baliga. Mama, chai."

"Sikuja kunywa chai. Lidvina, tulikubaliana."

"Wewe ulikubali. Mimi nilisema ndiyo, bwana, kwa sababu nilidhani naanza kuwa kipofu. Si kipofu. Nipe kazi. Yoyote, sasa hivi. Ukiona nimekosea, dereva wako aingie achukue mashine, na mimi nitamshikia waya."

Baliga akanitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. Nikamsogezea kiti. Hakukaa, lakini boksi aliliweka chini.

"Barua ya Mholanzi," akasema. "Imeingia asubuhi. Anauliza tena juu ya meli. Mjibu. Mwambie meli imeondoka Jumatano. Mwekee karatasi ya mizigo. Umjibu yeye tu."

Lidvina hakuharakisha. Kiboksi kikashuka kwenye orodha ya barua, kimoja kimoja, kikafika kwa Mholanzi. Enter. Barua ikafunguka. Kikapanda juu, kikakaa kwenye "Jibu Wote", na hapo akasimama makusudi.

"Hapa ndipo nilipokuwa siku ile ya bei," akasema.  Akakirudisha nyuma mara moja, kikazunguka "Jibu". "Nilidhani niko hapa. Ni hatua moja tu, bwana. Kwa mwenye macho ya kuona kiboksi ni hatua moja. Kwa mtu aliyefumbwa macho ni bei ya siri kwa wateja wote."

"Na hukukiona?"

"Hakuna aliyekiona. Naushad mwenyewe hakukiona. Wenzangu hawajawahi kukihitaji, ndiyo maana wanasema kila kitu kiko sawa."

Akaandika. Anaandika polepole, kidole kimoja, kila herufi inatafutiwa tundu lake, na chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Akaambatisha ile karatasi. Mkono wake wa kulia uliruka mara moja, jinsi unavyoruka, ukagonga bamba, lakini haukuingia tunduni, na kiboksi hakikusogea. Baliga aliinama akatazama karibu zaidi. Kiboksi kikafika kwenye "Tuma". Lidvina akakiacha hapo, akamgeukia.

"Soma kwanza."

Baliga akavaa miwani, akasoma yote, jina la anayetumiwa mara mbili.

"Tuma," akasema.

Akatuma. Barua ikaondoka. Naushad akakohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kusema nimekwambia na hana ruhusa.

"Hii rangi nyekundu," akasema Baliga. "Bibi atauliza."

"Ni kunkuma, bwana," Naushad akadakia. "Ilikuwa imesahaulika. Manjano bila kunkuma, si ni nusu ya baraka?"

Sikujua kama Baliga alikasirika au alijizuia kucheka. Midomo yake ilijikunja. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaitia mfukoni.

"Uliniambia," akamwambia Lidvina. "Wiki ile. Uliniambia kiboksi."

"Nilikwambia."

Nje dereva akapiga honi, akiuliza kama aingie. Baliga akainama, akalichukua lile boksi la mashine. Akalibonyeza pembe, akalilaza bapa, akalikunja mara mbili, akalitia kwapani. Mlangoni akavaa viatu vyake, kimoja kisha cha pili, akainua mkono kumzuia dereva asishuke, akatoka.